Hakyu Koka: fumbo la namba zenye kivuli

Aliyezoea Sudoku ya gazetini, akikutana na Hakyu Koka kwa mara ya kwanza huboronga mapema, na kosa lake karibu kila mara ni lilelile: anakagua mstari mzima kuhakikisha namba haijirudii. Hapa namba inaruhusiwa kujirudia. Kinachokatazwa ni kujirudia karibu mno, na ukaribu huo hupimwa na namba yenyewe.

Fumbo hili lilitolewa mwaka 1998 na Nikoli, wachapishaji wa Japani ambao jarida lao la mafumbo lilianza mwaka 1980. Ndio haohao walioipa Sudoku jina tunalolijua. Sudoku yenyewe ilikuwa imeshachapishwa Marekani mwaka 1979 kwa jina jingine, nao wakaanza kuitoa mwaka 1984. Hakyu Koka ni yao tangu mwanzo. Kwa Kijapani jina hilo lina maana ya athari inayosambaa, kama viwimbi vinavyotoka pale jiwe linapotumbukia majini. Katika mwongozo huu tutaita kiwimbi hicho kivuli, maana kwa macho ndivyo kinavyofanya kazi: namba ikishakaa, inatia giza visanduku vilivyo karibu nayo.

Kanuni

Ubao umegawanywa kwa kuta nene kuwa vyumba vya maumbo mbalimbali. Chumba chenye visanduku 4 hujazwa 1, 2, 3 na 4, kila moja mara moja. Chumba cha visanduku 2 kinapata 1 na 2. Cha kisanduku kimoja kinapata 1, basi.

Kanuni ya pili ndiyo roho ya fumbo. Namba ileile ikitokea mara mbili kwenye mstari mmoja (wa mlalo) au safu moja (ya wima), kati yake lazima kuwe na visanduku visivyopungua thamani ya namba hiyo. Kati ya 1 na 1, angalau kisanduku 1. Kati ya 2 na 2, angalau visanduku 2. Kati ya 3 na 3, visanduku 3. Namba tofauti hazihusiani kabisa. 3 haina ugomvi na 4.

Mambo matatu huwatatiza watu hapa. Kwanza, kivuli hakizuiwi na ukuta: kinapita chumba hadi chumba. Pili, hakiendi mshazari. 2 mbili zinaweza kugusana pembe kwa pembe bila tatizo. Tatu, na hili ndilo linaloua mafumbo mengi, unahesabu visanduku vilivyo katikati, huhesabu hatua. Ukitoka kwenye 2 kwenda kwenye 2 nyingine unapiga hatua tatu, kwa sababu kuna visanduku viwili vya kuruka. Anayehesabu hatua anaziweka 2 zake karibu mno, na hajui mpaka amefika mwisho na chumba kimoja kimekataa kujaa.

Vifaa

Daftari la hesabu lenye vimraba, kalamu ya wino kwa kuta, penseli na kifutio kwa namba. Kuta zichorwe nene kweli. Ukuta uliofifia unakufanya usome vyumba viwili kama kimoja, na hapo huna njia ya kugundua kosa kwa kufikiri tu. Kwa wanaoanza, ubao wa 5 kwa 5 unatosha. Ukizoea utakwenda 10 kwa 10.

Mfano wa kufumbua

Safu tunaziita A hadi E, kutoka kushoto kwenda kulia. Mistari tunaiita 1 hadi 5, kutoka juu kwenda chini. Herufi ndogo zinaonyesha vyumba: visanduku vyenye herufi moja ni chumba kimoja.

    A B C D E
1   k k l l m
2   n n l l m
3   p n n r s
4   t t w w s
5   t t w w s

Umepewa namba moja tu: C1 ni 3. Chora ubao huu, zungushia kuta pale herufi zinapobadilika, kisha fuata.

Anza na vyumba vya kisanduku kimoja. p na r havina la kuchagua: A3 ni 1, D3 ni 1. Kati yake kuna B3 na C3, kwa hiyo hazigombani.

Sasa chumba n (A2, B2, B3, C3) kinataka 1 yake. A2 iko juu ya A3, haiwezi. B3 iko ubavuni mwa A3, haiwezi. C3 iko ubavuni mwa D3, nayo haiwezi. Imebaki B2, kwa hiyo B2 ni 1. Papo hapo B1, iliyo juu yake, haiwezi kuwa 1. Chumba k kina visanduku viwili tu, basi B1 ni 2 na A1 ni 1.

Hatua inayofuata ndiyo inayomtenganisha mzoefu na anayebahatisha. Tazama chumba m, yaani E1 na E2. Hatujui 2 iko wapi kati ya hivyo viwili. Lakini tazama E3 chini yake. 2 ikiwa E2, E3 imegusana nayo. 2 ikiwa E1, kati yake na E3 kuna kisanduku kimoja tu, na 2 inataka viwili. Kwa vyovyote vile, E3 si 2. Wala si 1, kwa sababu D3 ni 1. Chumba s kina visanduku vitatu, kwa hiyo E3 ni 3. Tumepata jibu la uhakika kutoka kwenye chumba ambacho bado hatujakijaza.

3 hiyo ya E3 inatupa kivuli kuelekea kushoto: D3, C3, B3. Kinaishia hapo, visanduku vitatu. Rudi chumba n: 3 yake haiwezi kuwa B3 wala C3, na B2 tayari ni 1. A2 ni 3. Zimebaki 2 na 4 kwa B3 na C3. B3 haiwezi kuwa 2, kwa sababu B1 ni 2 na katikati kuna B2 peke yake. B3 ni 4, C3 ni 2.

Chumba l. C1 tulipewa, ni 3. 2 yake haiwezi kukaa D1, kwa kuwa B1 ni 2 na katikati kuna C1 tu. Haiwezi kukaa C2, iliyogusana na C3. D2 ni 2. Hiyo inaikataza E2 kuwa 2, basi E2 ni 1 na E1 ni 2. Simama kidogo ukague mstari wa kwanza: B1 ni 2, E1 ni 2, katikati kuna C1 na D1. Viwili kamili. Ndiyo kanuni ikiwa imebanwa mpaka mwisho wake, na anayeanza mara nyingi huifuta akidhani amekosea. C2 nayo imegusana na B2 ambayo ni 1, kwa hiyo C2 ni 4 na D1 ni 1.

Chumba w kinataka 2. C4 iko chini ya C3 moja kwa moja. C5 imetenganishwa na C3 kwa kisanduku kimoja. D4 imetenganishwa na D2 kwa kisanduku kimoja. D5 ni 2. Halafu 4: kivuli cha C2 kinashuka visanduku vinne, kinazidi hata urefu wa ubao, kwa hiyo C4 na C5 haziwezi. D4 ni 4. Zimebaki 1 na 3 kwa C4 na C5, na hapa ndipo ile 3 ya C1 inapolipa: kivuli chake kinafunika C2, C3 na C4. C5 iko nje yake kwa kisanduku kimoja. C4 ni 1, C5 ni 3.

Yaliyobaki ni ya haraka. E5 imegusana na 2 ya D5, basi E5 ni 1 na E4 ni 2. Katika chumba t, 4 haiwezi kukaa B4 wala B5 kwa sababu ya B3, wala A4 kwa sababu ya D4 iliyo mstari mmoja nayo. A5 ni 4. A4 si 1 (imegusana na A3), si 3 (kati yake na A2 kuna kisanduku kimoja), basi ni 2. B4 imegusana na 1 ya C4, kwa hiyo B4 ni 3, B5 ni 1.

1 2 3 1 2
3 1 4 2 1
1 4 2 1 3
2 3 1 4 2
4 1 3 2 1

Kukagua kwa kuhesabu

Kabla ya kupita mstari kwa mstari, hesabu namba. Kila chumba kina 1 moja, kwa hiyo idadi ya 1 kwenye ubao lazima ilingane na idadi ya vyumba. Kwetu vyumba ni 9, na 1 ziko 9. Idadi ya 2 ni sawa na idadi ya vyumba vyenye visanduku viwili au zaidi: 7. 3 ni 5, 4 ni 4. Jumla 25, sawa na visanduku vyote. Ukipata 1 nane au kumi, kuna chumba ulichokisoma vibaya. Ukaguzi huu hauchukui dakika moja, ila hautakuonyesha makosa ya umbali. Hayo lazima uyatafute kwa jicho, safu kwa safu, ukianza na namba kubwa.

Ukihamia ubao mkubwa

Kwenye 10 kwa 10, mpangilio wa kazi ni huohuo lakini uzito unabadilika. Namba ndogo zinaanza kupoteza nguvu, na kubwa zinatawala. Mstari wa visanduku 10 unaweza kubeba 1 hadi tano, 2 hadi nne, 3 hadi tatu, lakini 4 mbili tu, na 5 mbili tu. Namba yoyote inahitaji nafasi yake pamoja na kivuli chake: gawa urefu wa mstari kwa namba ukiongeza 1, kisha panda hadi namba kamili inayofuata. Kwa 4: 10 gawa kwa 5, ni 2. Kwa 3: 10 gawa kwa 4, ni mbili na nusu, unapanda hadi 3.

Kwa hiyo, baada ya vyumba vya kisanduku kimoja, usitangetange na 1 na 2. Tafuta vyumba vya 5 na 6, uulize namba kubwa kabisa ya chumba inaweza kukaa wapi. 5 iliyoketi katikati ya mstari wa 10 inaufagia mstari wote, na ikiwa katikati ya safu pia, inaifagia safu yote.

Ile mbinu ya E3 ina kipimo chake, na inafaa kukariri. Ikiwa chumba kina namba inayoweza kukaa kwenye mojawapo ya visanduku viwili vilivyogusana, basi kwenye mstari huohuo inafunika kwa uhakika visanduku pungufu kwa kimoja, kila upande. Kwa 2 ni kisanduku kimoja kila upande. Kwa 4 ni vitatu. Visanduku hivyo viwili vikiwa na pengo katikati, toa tena idadi ya visanduku vya pengo hilo. Kwa 1 mbinu hii haikupi chochote nje ya hivyo viwili: kivuli chake ni kifupi mno.

Namba ndogondogo za pembeni, zile za kukumbusha kisanduku kinaweza kubeba nini, zinafaa kwa vyumba vya 4 kwenda juu na pale tu vinapobakiwa na visanduku viwili au vitatu. Kuziandika kila mahali tangu mwanzo kunajaza ubao takataka na kukuficha kile unachokitafuta.

Ukikwama kabisa, usibahatishe namba ndogo. Chukua namba kubwa yenye nafasi mbili, jaribu moja kwa penseli hafifu, ufuate hadi igonge ukuta, yaani hadi kanuni ivunjike. Kubahatisha 1 kunakupa habari kidogo sana: kila upande inazuia kisanduku kimoja tu. Na weka alama pale ulipoanzia jaribio, nukta pembeni inatosha. Asiyeweka alama akigonga ukuta hufuta nusu ya ubao pamoja na kazi halali.

Kutengeneza lako mwenyewe

Watu wengi huchora kuta kwanza, kisha wanatafuta namba zitakazoingia. Ni njia ngumu, kwa sababu kuna mipangilio ya kuta isiyo na jibu hata kabla hujaandika namba moja, na haionekani kwa macho. Vyumba viwili vya kisanduku kimoja vikigusana, vyote ni 1, imekwisha. Hilo ni rahisi kuliona. Lakini vyumba viwili vya visanduku viwili vikilala mstari mmoja vikifuatana, navyo havina jibu. Jaribu: 1 2 1 2 inaziweka 2 zikiwa na kisanduku kimoja tu katikati, 2 1 2 1 vilevile, 1 2 2 1 na 2 1 1 2 zinagusana. Hakuna njia ya tano. Vyumba vitatu vya namna hiyo vikipangwa kimoja juu ya kingine, kama matofali yaliyolingana, navyo vinakufa: upande mmoja utapata 1, 2, 1 salama, na upande wa pili utapata 2, 1, 2.

Njia nzuri ni kinyume chake. Jaza ubao mtupu kwa namba zinazotii kanuni ya umbali, bila vyumba. Kisha hesabu: idadi ya 1 ndiyo idadi ya vyumba utakavyochora, na idadi ya kila namba inayofuata isizidi ya ile iliyoitangulia. 3 zikizidi 2, hakuna kuta duniani zitakazoziokoa, badili namba. Hesabu ikikubali, anza kuchora vyumba kuzunguka namba kubwa, kila 4 ikusanye 1, 2 na 3 zilizo jirani, uendelee hadi mabaki yawe vyumba vidogo.

Halafu fumbua ubao wako mwenyewe tangu mwanzo, bila namba hata moja, kana kwamba hujui jibu. Pale unapokwama kwa haki, ndipo panapohitaji namba ya kupewa. Ubao wetu hapo juu, bila 3 ya C1, unakwenda vizuri mpaka visanduku sita vya mwisho (C1, D1, B4, B5, C4, C5), kisha unafungua majibu matatu. Wala si kila namba inatibu: ukitoa C1 ikiwa 1, yanabaki majibu mawili. Ukitoa C1 ikiwa 3, linabaki moja, kwa sababu 3 hiyo inaifikia C4 na kuilazimisha, nayo C4 inailazimisha B4.

Kuna njia nyingine ya kuufunga ubao huohuo. Futa 3 ya C1 uiweke kwenye C4, uanze upya. Safari hii C2 itanyimwa 3 na A2, na mstari wa chini kabisa utasomeka 4 3 1 2 1.